Ubao wa Bibi Juu ya Mlango wa Mkahawa

Sotgol, Gangwon
9 Agosti 2019

Mpendwa Dada Mal-sun,

Hujambo huko Ujerumani? Goti linaendeleaje tangu upasuaji? Sisi huku ni wazima. Mke wangu Chae-ok ameshaanika pilipili juu ya paa, na mimi natembea vizuri, hasa nikiwa na hasira. Mwezi huu nimetembea sana.

Ni kuhusu kinu cha maji. Wamekifufua. Gurudumu limeletwa zima juu ya lori, limefungwa mota ya umeme, na linazunguka hata mto ukikauka. Michi inapanda na kushuka kwenye vinu vitupu, na watu wa mjini wanapiga picha.

Hilo ningelimeza. Lililonikwama kooni ni jiwe. Pyo Deok-jae, mjukuu wa Mzee Pyo, ndiye mkuu wa kamati ya kinu. Ameagiza jiwe la ukumbusho lichongwe kwamba kinu kilijengwa na babu yake "kwa ajili ya wanakijiji wake". Wake! Litazinduliwa sikukuu ya mavuno.

Wewe ulikuwepo, una miaka tisa, mimi sita. Vita vimekwisha, kinu kimeungua, baba yako na baba yangu, wana wa bibi yetu, hawakurudi. Kila nyumba ikatakiwa kutoa ubao mmoja wa gurudumu wenye alama yake. Ukitoa ubao, unapata zamu ya kutwanga. Mzee Pyo alitoa ubao mmoja kama kila mtu. Alichotoa kwa wingi ni maneno. Akatangaza kwamba nyumba isiyo na mwanamume haihesabiwi, nafaka yake itatwangwa kwa huruma, wengine wakishamaliza. Bibi akamjibu mbele za watu, "Mzee Pyo, mto haujaniuliza kama nina mume."

Akarudi nyumbani, akang'oa mlango wa jikoni. Wewe ukaukalia usitikisike, yeye akashika msumeno. Kwa kuwa hakujua kuandika, alichoma alama ya kijiko juu ya ubao aliokata, kwa chuma cha moto. Majira yote ya baridi tulipika nyuma ya mkeka, theluji ikitudondokea hadi sufuriani. Lakini zamu yetu tulikuwa nayo, na haikuwa ya huruma.

Sasa sikia. Kando ya kinu wamefungua mkahawa, na zile mbao za gurudumu la zamani wamezifanya mapambo. Ubao wetu wameufunga kwa skrubu juu ya mlango wa mbele, wakidhani kile ni kijiko cha kukorogea kahawa. Mkahawa wenyewe wameuita Kijiko. Binti anayehudumu aliniambia kwa adabu kuwa wageni wanakipenda sana kibao chao. Nikainywa kahawa yote, chungu kama shubiri, macho yangu pale juu.

Nikamfuata Deok-jae, nikamkuta na mwenyekiti wa kijiji na wazee wengine. Akatabasamu kama anayembembeleza mgonjwa. "Mzee wangu, vijiko viko kila nyumba. Kwani ni kwenu tu kulikokuwa kunaliwa?"

"Kula kulikuwa kila mahali," nikamwambia. "Kushiba ndiko kulikokuwa kwenu tu."

Wazee wakacheka, na hapo ndipo alipokubali tukate shauri. Upande wa nyuma wa ubao, ambao bibi alikataa kuuranda, kuna zile alama za kisu alizotupimia urefu mlangoni kila mwaka mpya. Zimeelekea ukutani, hakuna mtu aliyeziona. Wewe andika unachokumbuka: zako ni ngapi, zangu ngapi, na ipi ilipinda na kwa nini. Barua yako itafunguliwa na kusomwa pale mkahawani, kisha ubao utageuzwa. Ukipatia, jiwe litachongwa upya na jina la bibi litaingia, jina lake hasa, Ok Bun-rye, si "yule wa Yeongwol", kwa mji alikotoka, kama walivyomwita maisha yake yote. Ukikosea, nitainama mbele ya jiwe la Pyo siku ya uzinduzi na kuomba radhi hadharani.

Mimi sikuambii hata tarakimu moja. Mwenyekiti ameisoma barua hii kabla ya kufungwa, ahakikishe sikufundishi. Ndiyo maana Deok-jae nimemtaja kwa jina lake tu, bila matusi. Naye Deok-jae alitaka kuufungua ubao achungulie nyuma yake. Mwenyekiti akampokonya bisibisi.

Usiharakishe, lakini usichelewe. Andika kwa mkono wako, usimwachie mwanao akuandikie kwa mashine.

Nisalimie shemeji Dieter na mwanao Jun. Chae-ok atakutumia pilipili mara zikishakauka. Mbingu zikujalie goti jepesi na kumbukumbu kali.

Bibi alikaa miezi minne bila mlango, Dada. Sisi tunatakiwa kutoa ukurasa mmoja tu.

Nduguyo akupendaye, mwenye hasira na wengine wote,
Gyu-sang