Mbwa Wawili wa Dirishani

Mpendwa Shangazi Petrea,

Naomba msaada wako kabla ya Jumapili, maana nimepamba nyumba na kupamba huko kumenitia matatani. Mimi nimezaliwa Ikast, bara kabisa, ambako bahari tunaisikia redioni tu, na mwaka jana mimi na mume wangu Jeppe tulihamia hapa kisiwani, Nordby, katika nyumba ya mama yake, Mama Maren, nyumba ya kale ya manahodha, paa la nyasi, dari ya chini, vigae vya bluu ukutani, na yeye mwenyewe akabaki na chumba cha mwisho karibu na jiko. Tangu niolewe nilikuwa naitamani nyumba ile, nikijiambia siku nikishika ufunguo nitaipamba kwa mtindo wa kale usiochuja, ule wa chokaa nyeupe na pazia za kitani na vinara vya shaba, vitu vichache, viwili viwili, vinavyolingana, na Mama Maren aliponiona na brashi alisema tu, "Fanya utakavyo, mwanangu, mradi kiti changu usikiguse," nami sikukigusa, Shangazi, kwa hilo niko safi.

Nikaondoa vitambaa vya kufuma, nikaondoa maua ya plastiki, lakini wale mbwa wawili weupe wa kauri waliokuwa dirishani nikawabakisha kwa sababu ni wa kale kweli na wanapendeza, ila walikuwa wamekaa wakitazama barabarani, na mimi nikaona ni kichekesho mtu kukaa sebuleni kwake akiangalia makalio ya mbwa, nikawageuza watazame ndani, mmoja huku na mwingine kule, kinara katikati, na sebule ikatulia vizuri mno.

Haikupita wiki jirani yetu Gudrun akaja na keki nzima, akasimama mlangoni anachungulia juu ya bega langu.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani?"

"Haya, mwache apumzike basi. Mwambie tumefurahi. Mimi nilisema siku zote, lisemwalo lipo, kama halipo laja."

Ndipo Jeppe aliponieleza, wala hakunieleza kwa upole. Kumbe kisiwani hapa, tangu enzi za merikebu, mke wa baharia huwaweka mbwa wake wakitazama nje mume akiwa safarini, na akirudi huwageuza ndani, na ingawa vijana hawafuati tena, wazee wa mtaa wetu bado wanalisoma dirisha kama gazeti. Na baba mkwe wangu, mzee Thyge, hakufa baharini, Shangazi, alishuka melini Esbjerg miaka mingi iliyopita akahamia kwa mwanamke mmoja hapo hapo ng'ambo, ambako ukisimama bandarini kwetu unaziona taa zao, na tangu siku hiyo Mama Maren hakulia mbele za watu wala hakudai talaka, aliwaacha tu mbwa wakitazama nje, na kisiwa kizima kikakubaliana naye kwamba mzee yuko safarini.

"Wageuze hao mbwa leo leo," Jeppe akaniambia. "Safari gani? Mtu amekaa ng'ambo anamwagilia nyanya za mwanamke mwingine."

"Mwanamke mwenyewe si alikufa mwaka juzi?"

"Basi anazimwagilia peke yake. Wageuze."

Nikaenda niwageuze, nikamkuta Mama Maren hapo hapo na kitambaa chake, maana dirisha hilo hulifuta vumbi kila asubuhi, anawainua mbwa mmoja mmoja na kuwarudisha, nikaona haya nikarudi jikoni. Na jikoni nako ni taabu tupu, wiki hii amekaanga mara mbili wale samaki bapa wa kukaushwa kwa chumvi, ambao nyumbani kwetu hakuna anayewala, si mimi, si Jeppe, hata yeye mwenyewe wanamsumbua tumbo, na pazia zangu za kitani sasa zinanuka bandari.

Halafu juzi simu ikalia nikapokea, kumbe ni mzee Thyge.

"Nasikia mbwa wamegeuka," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Kawageuza nani?"

Nikanyamaza, Shangazi. Sikusema ni mimi wala sikusema ni mama, nilishika simu tu, naye akakohoa, akasema, "Basi Jumapili nitavuka," akakata. Sasa nifanye nini, niwageuze mbwa mama akienda dukani, au nimpigie mzee nimwambie yalikuwa mapambo tu, au nifunge mdomo niombe Mungu, maana nikisema kweli namvunja moyo mzee wa watu, na nisiposema namwaibisha mama mkwe wangu katika nyumba yake mwenyewe, mama ambaye hajanikosea hata siku moja, nami nampenda.

Mkwe wa Nordby

*Shangazi Petrea anajibu gazetini:*

Mwanangu, pole, na sasa keti nikuambie. Kwenye rangi hukukosea. Chokaa nyeupe na kitani havijamchosha mtu mpaka leo, na maua ya plastiki yameenda yanakostahili. Kosa lako ni kuingia nyumba ya baharia bila kuuliza, na kuuliza si ujinga. Mwaka mzima mnakunywa kahawa mezani pamoja, bila shaka ulimwuliza habari za vigae na za dari, ila hukumwuliza mbwa wake wanatazama nini. Ulikuwa unatafuta kitu kisichochuja. Kilikuwa dirishani, nawe ukakigeuza kilingane na kinara.

Na ule ukimya wako kwenye simu ulikuwa uongo, hata kama hukufungua mdomo. Huo unanikera kuliko mbwa.

Sasa isome tena barua yako. Unasema mama anawainua mbwa kila asubuhi na kuwarudisha. Anawarudisha vipi? Mikono ile ile iliyowaweka wakitazama nje miaka yote hiyo sasa inawaweka wakitazama ndani, kila siku, na hakuna aliyemlazimisha. Au unadhani hajaona? Kwa kinara cha shaba una macho, kwa mama yako huna. Na wale samaki, wewe umenusa pazia tu. Mtu hakaangi mara mbili samaki wanaomsumbua tumbo, mwanangu. Anazoeza mkono, kwa ajili ya aliyekuwa akiwala.

Lakini huenda nakosea, maana simo moyoni mwake. Wewe pia humo. Kwa hiyo mbwa usiwaguse, na Jeppe asiwaguse. Mwambie mumeo hasira yake ni ya haki, aliachwa na yeye pia, na siku akimwona baba yake amwambie usoni. Dirisha si lake.

Majina nimeyabadilisha, lakini mbwa sikuweza, na kisiwa chenu ni kidogo. Kwa hiyo ukimaliza kusoma hapa mfuate mama mara moja, kabla gazeti halijafika kwa Gudrun. Mwambie hivi: "Mama, mbwa niliwageuza mimi, kwa urembo, sikujua maana yake. Baba alipiga simu akauliza nani kawageuza, nikanyamaza. Anakuja Jumapili akidhani ni wewe." Ishia hapo. Usilie, usijitetee, wala usimwambie unavyofikiri. Vaa koti utoke, tembea mpaka bandarini, na ukirudi pitia barabarani ulitazame dirisha kama jirani yeyote.

Ukiwakuta wanatazama nje, mpigie mzee siku hiyo hiyo umwambie ulikuwa wewe, asipande feri. Ataumia, na aumie, alianza yeye. Ukiwakuta wanatazama ndani, mrudishie Gudrun sahani yake ya keki bila maelezo, shusha hizo pazia ukazifue, na Jumapili ongeza kikombe kimoja mezani. Kisipolingana na vingine, si neno.