Mrija Usiotiwa Kingamwili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mie mzima, namshukuru Mungu, ni baridi tu ya huku Uswidi inayonionea. Nyie hapo Kiwalani najua mnajipepea.

Kwenye simu uliniuliza nafanya nini hasa maabara, nikajibu "vipimo" basi. Leo nakueleza. Kuna watu wakila kitu kidogo tu wanavimba, ndiyo aleji. Kwenye seli zao mna vipokezi, ndivyo vinavyopokea ishara mwili ukachachamaa. Sie tunatumia kingamwili, protini inayong'ang'ania kipokezi hicho kimoja tu. Tunaitia rangi ing'ae, tuone vipokezi vilipo.

Wiki iliyopita kila kitu kiling'aa, hata seli zisizo na kipokezi. Nikawaka: kingamwili hii mbovu, waliotuuzia wametupiga! Bosi wangu, mama mmoja mpole, akauliza, "Mrija usiotiwa kingamwili uko wapi?" Ndiyo desturi ya kazi hii: kabla hujakilaumu kitu, pima na pale ambapo hakipo. Sikuwa nao. Nilipoutayarisha nikaupima, na wenyewe ukang'aa. Kumbe seli niliziacha nje ya friji zikafa, na zikifa hung'aa zenyewe. Aibu gani!

Hapo nikamkumbuka shangazi.

Iddi ile ya utotoni, kaka Hamisi alipovimba uso, mlisema ni pilau ya wifi yako, na jicho lake kwa vile hakujaaliwa mtoto. Hakuna aliyeuliza Hamisi kala nini kingine. Mie nilijua, mama. Nilikuwa nimemlisha kashata ya karanga nyuma ya nyumba. Nikaogopa fimbo, nikanyamaza. Hadi leo akionja karanga midomo inamwasha, na nyie mnasema anadeka.

Nimelia, mama. Miaka yote hiyo shangazi katengwa! Na sasa Hamisi anaoa mwezi ujao, nawe umesema shangazi hatatia mguu. Harusi gani hiyo, kaka yangu aoe bila shangazi yake?

Jana nilimpigia shangazi, nikamwambia yote. Akasema, "Nilikuona, mwanangu, na kashata yako. Ningesema, mama yako angekuumiza siku ile. Wewe ulikuwa mtoto, mie mtu mzima. Nikabeba."

Nikasirikie mie, nitavumilia. Hamisi asiguse karanga, na aende hospitali akapimwe.

Nisalimie baba, na mjomba fundi cherehani, mwambie gauni lake limenibana, kwa hiyo mkate wa huku unanipenda. Msalimie na mchumba wa Hamisi, nina hamu ya kumwona. Salamu zangu kwa shangazi usizipeleke kwa simu. Vuka hadi kwake Kigamboni, mama, ukapige hodi mwenyewe.

Mwanao aliyekosa,
Zuhura