Mitufaha Sita Ubavuni mwa Kaburi la Baba

Mpendwa Mshauri,

Kwa unyenyekevu naomba msaada wako, nami nakusihi usinicheke kabla ya kufika mwisho wa barua hii, kwa kuwa wa kunicheka ninao wa kutosha hapa Kamachumu. Mimi ni mpimaji wa kahawa ghalani, sikuvuka darasa la nne, lakini kwa juhudi yangu mwenyewe nimejifunza kusoma magazeti na orodha za bidhaa, na ni orodha mojawapo iliyoniponza, maana mwaka 1947 niliona ndani yake picha ya tufaha jekundu mno, likielezwa kuwa ndilo lipendwalo kuliko yote Uingereza, nami, pasipo kuuliza mti wake hustawi wapi, nikaagiza miche sita, ikaja kwa meli hadi Bukoba, nikaifuata kwa baiskeli.

Sasa naungama. Kitu cha thamani kwetu hupandwa kibanjani, karibu na nyumba, penye samadi ya miaka mingi; hakuna mwenye akili apelekaye mgeni wa heshima kwenye rweya, yaani uwanda wa nyasi ulio nje ya migomba. Mahali pema kuliko pote palikuwa ubavuni mwa kaburi la baba, penye shina la migomba alilolipanda mama yangu, Kokuhirwa, mwaka alioolewa. Mama alisimama mlangoni akauliza, "Anatory, hilo shina limekukosea nini?" Nikamjibu kwa maneno niliyoyaona ya kisomi, "Mae, ndizi kila mtu anazo." Akasema, "Ndiyo maana kila mtu anakula," akaingia ndani. Nikaling'oa lote mpaka mizizi.

Miaka sita nimeitunza mitufaha hiyo kwa samadi na matandazo ya nyasi, imerefuka, ina majani mabichi mwaka mzima, wala haijatoa hata ua moja. Jirani yangu Byarugaba akipita hunisalimu, "Karani, mboga haijaiva?" Hayo ningeyavumilia. Lakini tangu Pasaka mama yu mgonjwa, hula kidogo sana, na juzi alimwambia mke wangu Jovitha, "Ningeonja ndizi za shina langu, waitu, ningepata nguvu." Jovitha hakunilaumu; alisema tu, "Wewe ndiye mwenye maneno, mjibu." Badala yake nimeshika kalamu nikuandikie wewe.

Nimesikia zipo aina zizaazo penye joto. Je, nibadili aina, ili mama aone kwamba sikuling'oa shina lake bure?

Ni mimi mtiifu wako,
Anatory Rugaibula

Bwana Rugaibula,

Sikucheka. Nilikasirika kwanza, huruma ikaja baadaye, nami nitakujibu kwa utaratibu huo huo.

Ulichagua mti kwa rangi ya tunda lake kwenye karatasi. Huko kwao mti huo kuna miezi ya baridi kali. Hupukutisha majani, hulala, na usipolala vya kutosha hauchanui. Kwenu majira hayo hayapo. Nawe ukazidisha kosa kwa kuulea kama mgomba. Mgomba haupumziki, hutaka kulishwa daima. Mtufaha ukilishwa hivyo huota majani tu. Heshima uliyoupa ndiyo iliyoufunga.

Naam, zipo aina zinazoridhika na baridi kidogo. Kabla ya kununua, mwulize mwuza miche swali moja: mti huu wahitaji majuma mangapi ya baridi? Asipojua, mrudishie orodha yake. Chukua aina mbili zinazochanua pamoja, kwa sababu mitufaha mingi haizai ikiwa peke yake. Ipande kwenye rweya, hapo hapo ulipopadharau, penye jua na upepo na pasipotuama maji. Usiishindilie samadi. Ikishakomaa, kila kiangazi ipukutishe majani yote kwa mkono, ili ijione kama imelala. Matunda yatakuwa madogo; usimwandikie mtu kujisifu.

Lakini hilo ni shauri la mwakani. Wewe unataka tufaha likutetee mbele ya mama yako, na tufaha hilo liko mbali miaka mitatu au zaidi. Tena yeye hakukuomba tufaha.

Mwanamke aliyetunza shina tangu aolewe hakukosa kuombwa machipukizi. Leo hii keti chini, karibu na kitanda chake, umwambie kwanza kwamba ulikosa, kisha umwulize, "Mae, uliwagawia akina nani?" Atakutajia. Yaliyoota kwa watu hao ni shina lake bado, na huenda upo mkungu uliokomaa juma hili. Nenda ukauombe kwa kinywa chako. Usimtume Jovitha, wala usiandike barua, maana naona kuandika kunakupendeza kupita kiasi. Kama Byarugaba yumo miongoni mwao, mwache acheke mpaka amalize, halafu omba tena.

Mama apikiwe ndizi hizo kwanza. Kesho yake kata mitufaha yote sita na kung'oa visiki vyake, kisha ulete chipukizi la shina hilo begani, mchana, watu wakikuona. Mama asipoweza kutoka, mfungulie mlango akuonyeshe kwa kidole mahali palipokuwa na shina. Miaka sita hutaweza kumrudishia. Shimo unaweza kulichimba.