Bidhaa Zisizooza

Dada Brigita,

Shikamoo. Nakusihi uisome barua hii peke yako, kisha uichome. Hata shemeji asijue neno lake. Kikohozi changu kimepungua, ila mvua hapa Kibirizi haikatiki.

Unaukumbuka ule mchezo wa mtandaoni ninaocheza na watu wa nchi nyingi? Una soko lake, na humo nilijifunza kuhodhi bidhaa mpaka iadimike, bei ipande. Basi mimi, karani wa chama cha wauza dagaa, nikawashauri akina mama wanachama wasiuze dagaa wao wakavu, wangoje. Waliniamini kwa kuwa nimesoma. Nilisahau kwamba mchezoni hakuna kinachooza. Magunia yote ghalani yameota ukungu.

Jana Mama Merina, mmoja wao, aliniita mbele ya watu: “Karani, hebu njoo unuse elimu yako.” Walicheka, yeye hakucheka. Jumatatu mkutanoni wataniuliza ushauri ule niliutoa wapi. Wanadhani niliupata wizarani. Nikisema kweli, naogopa sitatoka salama.

Niambie niende au nitoroke. Simu yangu usiipige, mwenyekiti wa chama ameishikilia mpaka mkutano upite. Mpigie Assani, fundi cherehani wa Gungu, useme unaulizia suruali ya Noel: ukitaka iwe tayari Jumatatu, nitaenda; ukisema isishonwe, nitatoroka. Nitakuwa nyuma ya pazia lake, simu yake ikiwa kwenye spika, nasikiliza.

Mdogo wako,
Noel