Mdiria wa Mkweo

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti limepoa? Kuku wa mayai wanaendeleaje? Huku wazima, ila mimi nimechoka, na anayenichosha ni mkweo.

Desemba ulituandalia chumba, tusije. Baba Neema alikwambia kwenye simu eti kazi imembana. Kazi gani! Ni ndege, mama.

Kuna kijito nyuma ya nyumba zetu hapa Vällingby, na mdiria wawili walitoboa shimo la kutagia ukingoni. Maji yakiganda, wanawaona samaki chini ya barafu wasiweze kuwafikia, wanakufa njaa. Wenzao huhamia kusini mapema. Hawa wetu wakabaki. Basi mkweo akaghairi safari, akawa anashuka kila alfajiri na shoka kuvunja barafu. Baridi ikazidi, akigeuza mgongo tu maji yameganda tena. Unajua alifanya nini? Alichukua dagaa ulionitumia, wale wa kuanika, akawamwaga kwenye barafu! Mtu aliyekulia Mwanza, hajui mdiria hujivulia samaki hai? Kunguru walimaliza mboga yangu yote. Nilifoka hadi jirani akagonga ukuta.

Theluji ilipoyeyuka, dume alirudi shimoni peke yake. "Hon är död, pappa," Neema akamwambia baba yake, amekufa, maana siku hizi ni Kiswidi tu, Kiswahili hataki. Baba yake akasema jike amechelewa tu.

Jumapili niliwafuata baba na mwana kijitoni, nimekasirika kweli. Dume alikuwa tawini, ameshika samaki mdomoni, kichwa cha samaki kimetazama nje, ndivyo wanavyowapa wake zao. Hakumla. Aliita, akanyamaza, akaita tena. Nikageuka kumgombeza mkweo, nikamkuta analia.

Njiani akasema, "Wangeondoka, wangepona wote wawili."

"Na sisi je? Mama anatungoja."

Basi juzi amekata tiketi za Desemba, mama, nimeziona kwa macho yangu. Sasa ananizungusha mtaa mzima, tunatafuta mtu wa kumwachia shoka.

Nisalimie shangazi mshonaji, na mjomba wa mashine ya kusaga, na dada akishajifungua unipigie upesi.

Dagaa usitume tena. Tutawala hukohuko.

Mwanao akupendaye,
Mama Neema