Kiti Kimoja Sebuleni kwa Bibi

Jumapili jioni, Mgeta. Ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Bibi yuko jikoni, mimi nimejifungia chumbani kwa aibu.

Acha niandike kabla sijaanza kujitetea.

Kazi yangu ni kupamba seti za filamu. Muongozaji akisema mhusika ni mpweke, mimi ndiye ninayetafuta kiti, pazia na rangi ya ukuta vitakavyosema hivyo, mwigizaji asilazimike kutamka neno. Kazi hii naipenda, tena huwa najisifu nayo.

Miezi minne iliyopita tulihitaji sebule ya mjane aliyetupwa na watoto wake. Nikapendekeza nyumba ya bibi yangu mzaa mama, huku milimani. Bibi aliposikia kamera inakuja, alipaka ukuta chokaa, akafua vitambaa vyote alivyofuma marehemu mama yangu, akavitandika kwenye viti. Alitaka nyumba yake ipendeze.

Mimi nikaviondoa vyote. Vitambaa, viti vitano, kabati la vyombo, hata picha ya mama, nikavirundika stoo nyuma ya magunia ya viazi. Nikapaka masizi juu ya chokaa ambayo haikuwa imekauka vizuri. Nikaacha kiti kimoja tu, kimeelekea mlangoni, na mlango wazi. Muongozaji alinikumbatia kwa furaha. Bibi alisimama uani akiangalia.

Tulipomaliza nikamwambia, "Bibi, usiguse kitu. Tutarudi kurudia vipande viwili, lazima kila kitu kikae palepale."

Hatukurudi. Muongozaji aliona picha tulizopata zinatosha, na mimi sikukumbuka hata kumwambia bibi. Nilikuwa napiga simu: shikamoo, marahaba, hamjambo huko, basi.

Leo mchana nimepanda huku nimwoneshe filamu kwenye simu yangu. Nikaingia sebuleni, nikabaki nimesimama.

Masizi ukutani. Kiti kimoja, kimeelekea mlangoni.

"Bibi, mbona hujarudisha vitu vyako?"

"Si ulisema nisiguse, mama? Jirani alitaka kunisaidia kuvitoa, nikamkatalia. Nikamwambia mjukuu wangu anakuja kumalizia kazi yake."

Kisha akanionesha pakiti za sukari zilizopangwa dirishani. Wanawake wenzake wa jumuiya ya kanisani wakija kumjulia hali wanakaa mkekani, wanatazama ule ukuta, na safari inayofuata wanakuja na sukari.

"Wanadhani mmenitupa," akasema, akicheka kidogo. "Nawaambia ni mambo ya sinema, hawaniamini."

Filamu sikumwonesha. Simu imebaki mfukoni.

Masizi yatafutika. Kinachonichoma ni kile kiti. Nilikiweka vile ili kiseme kwamba mama huyu hana anayekuja kumwona. Ulikuwa uongo, na nilijivunia kuupanga vizuri. Halafu kwa miezi minne sikuja.

Kesho sishuki mjini, atakayenisubiri na asubiri. Nitapaka ukuta chokaa, nitavitoa viti vyote, na nitaanza na picha ya mama.

Nimemwomba bibi msamaha, nikalia mbele yake. Hakunilaumu. Alifuta mikono kwenye khanga yake, akatazama upande wa stoo, akaniuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo sasa naruhusiwa kugusa?"