Chai ya Rangi na Kifua cha Moraa

Kiogoro, Jumapili

Mama,

Mdogo wangu Moraa amepona. Nimeanza na hilo kwa sababu najua usingesoma mstari wa pili kabla ya kulijua.

Tangu tulipokuzika nyuma ya migomba, mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii, na bado ni mwoga vilevile. Kule Itumbe, katika ofisi ya kiwanda, karani mwenzangu akiangusha kalamu mimi ndiye ninayeomba msamaha. Leo lakini nataka kukushukuru. Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia kwenye chai.

Wewe, Msabato kamili, uliipanda chai na kuichuma kwenye mvua na jua, lakini hukuitia mdomoni, maana kanisa linaikataza. Kwetu asubuhi ilikuwa uji. Ila kifua changu kilipobana, ulichemsha majani mengi kwa maji kidogo mpaka yakawa meusi, ukanikalisha umeniegemeza kifuani pako. "Kunywa, tata," ulisema, ukiniita baba kama mama wa kwetu wanavyowabembeleza wana wao. Siku moja jirani wa kanisani alichungulia jikoni: "Ehe, Mama Nyakundi! Kumbe huku siku hizi mnakunywa chai?" Hata hukugeuka. "Yanakunywa mapafu. Mapafu bado hayajabatizwa." Alicheka mpaka akasahau kukushtaki kwa mzee wa kanisa.

Majuzi Moraa alibanwa kuliko nilivyowahi kubanwa mimi. Midomo ilikuwa ya kijivu. Tulimkimbiza hospitali ya mjini, wakamtundikia maji yenye dawa inayoitwa aminofilini, na jioni akapumua. Tukamshukuru Mungu. Kesho yake moyo wake ukaanza kwenda mbio hata nikaona nguo ikirukaruka kifuani. Alitapika. Mikono ilitetemeka. Daktari alimsikiliza, akakuta kifua bado kinapiga mluzi, akasema dawa iongezwe.

Mama, chini ya kitanda kulikuwa na chupa ya chai.

Shangazi Kerubo ndiye aliyekuwa akiileta kila saa ya kuwaona wagonjwa, ndani ya kikapu cha ndizi, imefunikwa kwa leso. Unajua kwetu mgonjwa haachiwi chakula cha hospitali peke yake. Tena alikuona wewe ukinipa, basi akaona akipeleka nyingi zaidi atakuwa amependa zaidi. Moraa, mtoto mtiifu, alikuwa akiimaliza yote. Daktari alipotaja dawa kuongezwa, Shangazi alinifinya mkono: "Nyamaza wewe. Watatufukuza hapa."

Na mimi ni mtu wa kunyamaza. Lakini nilikukumbuka, siku nilipokuomba kikombe cha pili ukakinyanyua juu nisikifikie. "Cha kwanza kinafungua kifua. Cha pili kitaukimbiza moyo." Nikafungua mdomo. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga: "Daktari, samahani. Mgonjwa anakunywa chai."

Nilingoja kufokewa. Alisimamisha dawa kwanza, kisha akaiomba ile chupa, akamimina kidogo kwenye kifuniko. "Hii ni chai au ni lami?" Hata Shangazi alicheka, kwa woga.

Baadaye alinieleza, nami nakueleza wewe kwa sababu ungependa kujua. Anasema kila seli ya mwili ina kitu inachokichoma kupata nguvu, kama sisi na kuni. Seli ikichoka au ikiumia, kitu hicho humwagika nje, na kile kinachobaki, adenosini, huwa ujumbe kwa seli za jirani. Hizo nazo zina vipokezi, kama milango midogo ya kupokelea ujumbe huo tu. Wapo wataalamu waliobisha kwamba kuni haziwezi kuwa ujumbe, lakini yeye anaamini. Katika kifua chenye pumu, ujumbe huo unaweza kuongeza kubana. Kwenye moyo unasema, nenda polepole. Chai na aminofilini ni za ukoo mmoja, na zote mbili hukaa kwenye milango hiyo na kuzuia ujumbe usiingie. Kidogo kinasaidia. Zikijazana pamoja, moyo haumsikii tena anayeutuliza. Aliniambia kwamba kama dawa ingeongezwa juu ya ile chai, huenda moyo wa Moraa ungesimama.

Nilikwenda nje nikashika ukuta. Sikulia, Mama. Nililia kidogo.

Chai ilipomtoka mwilini, moyo ukatulia, wakamrudishia dawa kwa kipimo. Shangazi siku hizi analeta uji, na anawaambia watu kwamba ni yeye aliyeshuku ile chai. Nimemwachia.

Nilidhani ulipoondoka uliondoka na kila kitu. Kumbe ule mkono ulioninyima kikombe ulikuwa bado unafanya kazi. Asante kwa kikombe ulichonipa. Asante zaidi kwa kile ulichoninyima nikakununia.

Jana Moraa alipanda kutoka mtoni na ndoo kichwani, akinigombeza tangu bondeni hadi mlangoni kwamba sikwenda kumpokea. Hakukatiza neno hata mara moja kuvuta pumzi. Nilisimama tu nikimsikiliza.

Pumzika, Mama. Akibanwa tena nitampeleka kabla midomo haijabadilika rangi, na nitawaambia kila alichokula na kunywa, hata nikitetemeka. Pumzi yake nitakulindia.

Mwanao,
Nyakundi